Viunza vya Fundi Bakari

Simu ya Swafiya, binti wa Fundi Bakari, ilinikuta nachagua mchele. "Dada Mwanakombo, baba ametangulia mbele ya haki," akasema, na kabla sijamaliza inna lillahi yangu akaendelea kwa haraka ya mfiwa mwenye mengi ya kutenda. "Twazika baada ya Adhuhuri. Na ameacha usia. Viunza vyake uvitazame wewe kabla havijatoka nyumbani." Nikadhani sikusikia vyema. Viunza ni zile mbao anazofunikwa nazo maiti ndani ya mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi, ili mchanga usimwangukie. Kwa kawaida wachimba kaburi huvihesabu tu wakaridhika, maana hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. "Mimi?" nikauliza. "Wewe. Na kuna neno jingine alilosema, lakini hilo nitakwambia ukifika." Ilikuwa saa tatu unusu asubuhi, nami niko Kisauni, na kati yangu na Likoni kulikuwa na mji mzima na feri. Nilivaa buibui juu ya nguo za kazi, mchele nikauacha kwenye ungo kwa huruma ya kuku. Nilikuwa naogopa, sitasema uongo. Kwa miaka thelathini na tano mtu yule hakulitaja jina langu. Nilipompitia kumwamkua wakati wa Idi alinijibu, "Karibu, mgeni," mimi niliyekula kwake mwaka mzima. Na kila mara nilijiambia ni haki yake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kichwa kikubwa. Nilisomea kazi ya maabara katika koleji moja upande wa Changamwe, na Fundi Bakari na mkewe, Bi Zena, walinipa chumba cha uani nyumbani kwao Likoni. Kwetu sisi mtu akisema chuo huwa amekusudia chuo cha Kurani, kwa hivyo siku ya kwanza niliposema naenda chuo Bi Zena aliangua kicheko, mwiko mkononi. "Ukubwa wote huo bado waenda chuo? Hujatoka juzu amma ya wanaoanza?" Tangu hapo nikasema koleji. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku, na dirisha lililotazama jiko, hivi kwamba nguo zangu zilinukia moshi wa kuni na nazi mpaka darasani. Kutoka kitandani nilisikia kila kilichosemwa uani, na nikakijua kicheko cha Fundi kabla ya kuuzoea uso wake. Alikuwa fundi wa nyumba aliyependwa mtaa mzima, mwenye mabega mapana na mkono mwepesi wa kutoa. Wakati wa chakula alikuwa akichukua kipande kizuri cha samaki kutoka upande wake wa sinia akakisukuma upande wangu. "Kula, msomi. Ilimu haikai penye njaa." Hadi leo sijui kama kuna mtu aliyenifurahisha kwa maneno machache kuliko hayo.

Kazi yangu ya mwaka, ambayo ndiyo ingenipa cheti au kuninyima, ilikuwa kuchunguza jinsi kuvu inavyouozesha mti. Mwalimu wetu wa koleji alinipa vipande vinne vya boriti, vya urefu wa kiganja, vilivyokatwa kwenye gogo moja. Kimoja nilikizamisha ndani ya ndoo ya maji na kukiwekea jiwe. Kimoja nilikiweka kwenye ubao juu ya jiko la Bi Zena, pakavu daima. Cha tatu nilikifukia katika mkebe wa mchanga nilioutia maji kidogo kila siku, na cha nne nilikirowesha wiki moja na kukianika wiki mbili. Kila mwisho wa mwezi nilivibeba kwenda koleji, nikavikausha sawasawa, maana maji huudanganya mzani, kisha nikavipima. Mti unaoliwa na kuvu hupungua uzito kabla haujabadilika sura. Bi Zena aliviita watoto wangu. "Yule wa kwenye ndoo hajafa maji?" alikuwa akiniuliza, na mimi nikimjibu kwamba huyo ndiye mzima kuliko wote, kwa kuwa kuvu nayo yahitaji hewa na ndani ya maji haipumui. Hakuniamini. Mtu yeyote wa Likoni atakwambia kwamba maji ndiyo yaozeshayo, ingawa macho yake yanaona nguzo za gati zikilika pale maji yanapopanda na kushuka, na chini kabisa, kwenye maji ya siku zote, zimesimama ngangari.

Kilichokosekana kilikuwa kuvu yenyewe, na Swafiya ndiye aliyeniletea. Alikuwa mtoto wa miaka minane, binti pekee wa nyumba ile, na katikati ya mvua za vuli alirudi chuoni na kitu amekifunga kwenye pembe ya mtandio. "Dada, ukuta wa chuoni umeota sikio." Kweli lilikuwa mfano wa sikio, la rangi ya kahawia, baridi, laini ukingoni. Nilifurahi kama niliyepewa dhahabu! Nikalikata vipande, nikakipa kila kijiti kati ya vile vinne fungu lake, na wiki nzima ikapita kabla sijajiuliza swali ambalo mtu mwenye akili angejiuliza papo hapo: ukuta unakula nini hata uote masikio?

Chuo cha Maalim Shee kilikuwa ghorofani, juu ya dari ya nyumba kongwe ya mawe na chokaa, karibu na nyumbani kwetu. Chini palikuwa ghala la mikeka na majamvi, juu walikaa watoto thelathini na saba wakisoma kwa sauti moja. Dari ilibebwa na boriti zilizochomekwa ukutani pande mbili. Mwaka mmoja kabla, mamake Fundi Bakari alipofariki, Fundi alitaka kumfanyia sadaka ya jaria, ile ambayo thawabu zake humfuata marehemu maadamu watu wananufaika nayo. Akaibandua chokaa yote ya zamani kwa mikono yake, akazipiga kuta lipu ya simiti, ndani na nje, zikawa laini na nyeupe, watu wakaja kuzipapasa. Hakuna aliyemwomba malipo wala hakumlipisha mtu. Nilipokwenda kutazama, niliona doa la rangi ya chai kuzunguka kila kichwa cha boriti upande wa mvua. Ukuta wa chokaa huinywa mvua na kuitema. Huu wa simiti uliinywa kupitia nyufa za juu na ukakosa pa kuitolea, isipokuwa kwenye vichwa vya boriti. Nilimweleza Maalim kwa woga, yeye akamweleza Fundi, na Fundi akanyamaza siku mbili, jambo ambalo nyumbani kwake lilikuwa sawa na msiba.

Kisha kaskazi ikaingia, jua kali, upepo mkavu. Madoa yakafifia. Swafiya akasema masikio yamekuwa magumu na kuanguka yenyewe. Ijumaa moja Maalim alikuja kula pilau baada ya sala. Nami nikiwa jikoni nyuma ya pazia niliyasikia mazungumzo yao, nikaacha kusugua sufuria ili nisikie vyema. "Nafikiri watoto niwahamishe barazani kwa msikiti," Maalim alikuwa akisema, polepole. "Nisipoteze roho za watu." Fundi akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo. "Ukiwahamisha, Maalim, mtaa wote utasema sadaka ya mamangu imeharibu chuo. Yeye yuko kaburini yuwangoja nini kwangu?" Kisha Fundi akaniita. "Mwanakombo! Njoo hapa, mwanangu."

"Abee."

Nilisimama mlangoni na mikono yenye majivu. Maalim Shee alikuwa mtu mwembamba, mwenye subira nyingi na msamaha mdogo kwa herufi iliyotamkwa vibaya. "Wewe ndiwe mwenye ilimu ya miti," aliniambia. "Nambia basi. Zile boriti ni nzima?" Nilijua la kujibu. Wiki ile ile mwalimu wangu wa koleji alikuwa ameninyooshea kidole juu ya kipande cha nne, kile cha kurowa na kukauka, ambacho mzani ulikionyesha kuwa kimeacha kupungua, akaniambia nisiandike kwamba kuvu imekufa. Ikikosa maji hulala, alisema, na ikiyapata huamka na njaa yake. Yote haya nilikuwa nayo mdomoni. Lakini Fundi Bakari alikuwa ananitazama, na mkono wake ulikuwa bado juu ya sinia, karibu na kipande cha kuku alichoniwekea kando. Nikasema, "Zimekauka, Maalim."

"Alhamdulillahi," akasema Fundi, na machozi yakamlengalenga. Maalim akaitikia kwa kichwa. Mimi nikarudi kusugua sufuria yangu, na kile kipande cha kuku nililetewa jikoni nikakila, kilikuwa kitamu. Nimeshawasimulia watu mengi maishani mwangu lakini hili la kuku sikuwahi kumwambia mtu. Sikusema uongo, nilijituliza hivyo. Boriti zilikuwa zimekauka kweli. Nilijibu swali ambalo sikuulizwa, kisha nikajipongeza kwa adabu.

Masika ya mwaka ule yalianza kwa pupa. Mvua ilinyesha siku nne bila kuvuta pumzi, na koleji ikafungwa kwa sababu njia zilijaa maji. Asubuhi ya tano nilikuwa nimekaa kitandani na kipande cha nne mapajani, kikiwa kimerowa siku nne sawasawa na ukuta wa chuo. Nilikiona kimevaa nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetandaa kama utando wa buibui, na nyuzi hizo hazikuwapo nilipolala. Nilikibonyeza. Kidole gumba kikazama mpaka ukucha. Kijiti hiki kilikuwa kimeroweshwa na kukaushwa mara chache tu katika miezi mitano, na boriti za chuo zilikuwa zimefanyiwa hivyo tangu masika ya mwaka jana, zikiwa zimebeba watoto. Kutoka upande wa pili wa uchochoro nilikuwa nawasikia wakisoma. Swafiya alikuwa miongoni mwao, nilimsuka nywele mimi mwenyewe asubuhi ile.

Uani Bi Zena alikuwa ameepua mahamri, sinia limejaa. Sikumwomba. Nililibeba sinia zima juu ya kichwa nikatoka na mvua, yeye akipiga kelele nyuma yangu, "Wee Mwanakombo, umeingiwa na nini?" Njiani nilikuwa nikipiga hesabu ya jinsi ya kuwatoa. Nikipiga ukelele, watoto watakurupuka, na dari iliyooza haitaki kukurupukiwa. Nikipanda juu, naongeza uzito wangu. Lakini kila mtoto wa chuo anajua desturi moja: mtu akileta chakula cha sadaka husimama chini ya ngazi akanadi, nao hushuka, wakala, wakamwombea dua. Niliingia ghalani, nikasimama penye ngazi ya mawe, mahamri yamerowa, nikanadi kwa sauti niliyoilazimisha iwe tamu. "Maalim! Nimeleta sadaka ya watoto!"

Kisomo kikakatika. Nikasikia miguu ikisugua mkeka, na vumbi jepesi likaniangukia kutoka kwenye boriti ya tatu. "Washuke wawili wawili, Maalim," nikaongeza haraka. "Polepole. Sinia ni dogo."

"Sadaka ya nini?" akauliza Maalim kutoka juu. Alikuwa mtu wa kuuliza.

"Ya kuondoa balaa."

"Wawili wawili," akaamuru. "Na mwenye kukimbia hali kitu."

Wakashuka. Sijui muda ule ulikuwa mrefu kiasi gani. Najua tu kwamba nilihesabu kila jozi ya miguu, na kwamba kila mtoto aliyepokea hamri lake alisimama mlangoni kuuliza kama kuna jingine, nami nikimsukuma nje mvuani bila huruma. Kumi. Ishirini na mbili. Vumbi sasa lilikuwa likianguka bila kusita. Thelathini na sita. "Swafiya yuko wapi?" "Yuwamaliza aya yake," akasema msichana mmoja, mdomo umejaa. Nilisikia sauti yake ndogo juu, ikirudia mstari uleule, na Maalim akimsahihisha herufi, akimsahihisha tena. Ningeweza kumpiga Maalim wa watu! Kisha ngazi ikalia miguu midogo, Swafiya akashuka na mkono umenyooshwa, na nyuma yake Maalim na bakora yake.

Nilimweleza yote kwa maneno manne au matano. Hakuuliza zaidi. Aliinua bakora, akaibonyeza ncha yake kwenye boriti, pale inapoingia ukutani, na ncha ikaingia kama ndani ya boga lililochemka. Aliivuta, akaitazama. "Nani alinambia zimekauka?" akauliza, ingawa alijua.

"Mimi, Maalim."

Fundi Bakari alifika wakati huo, Bi Zena nyuma yake, na majirani waliovutwa na kelele za watoto. Alipoelewa kinachosemwa uso ulimbadilika. Hakumtazama Maalim, alinitazama mimi. "Wewe mwenyewe ulisema zimekauka. Kwangu, mbele ya chakula changu. Leo wanifedhehi mbele ya watu?" Nikajaribu kueleza habari ya kijiti, na maneno yangu ya koleji yakasikika ya kipuuzi hata kwangu. "Haya," akasema, "natuone." Akaiendea ngazi. "Bakari, usipande," akasema Maalim. "Wewe wafundisha, Maalim. Mimi najenga." Wallahi nilimshika kanzu. Aliivuta mkononi mwangu kwa upole, hata katika hasira zake, akapanda. Tukamsikia akitembea mpaka upande wa mvua. Akapiga mguu mara moja. "Mwaona?" akaita. Akapiga mara ya pili.

Boriti nzima ikivunjika hulia. Zile hazikulia, zilitoa sauti nzito ya chini, kama gunia la pumba likitupwa, kisha nusu ya dari ikawa sakafuni pamoja naye. Alivunjika nyonga. Watu walipomtoa kwenye kifusi, mkononi alikuwa amekamata kipande cha boriti, akikifinya, nacho kikimmumunyika kati ya vidole.

Siku ya tatu Maalim alikuja kwangu uani. Nilikuwa nikingoja laana, na naapa ningeipokea. Alikataa kiti. "Nilikuuliza kama ni nzima," akasema, "ukanijibu kuwa zimekauka. Nami ninayemrudisha mtoto kwa herufi moja, nikalipitisha neno zima, kwa kuwa nilitaka kulisikia. Kwa hivyo usijibebeshe peke yako." Akaondoka. Alikusudia kunipunguzia, Mungu amrehemu, na alinipunguzia nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya mtu aliyelazwa hospitalini na mguu uliofungwa mawe ya kuuvuta mfupa, ambaye nilipomwendea aligeukia ukuta. Miezi yangu iliyobaki nilikaa nikimsaidia Bi Zena kupika, na sinia likija, upande wangu ulikuwa na samaki niliyejipakulia mwenyewe. Fundi hakupanda ngazi tena. Akageuka seremala wa kukaa kitako, milango, viti, vitanda, na miaka ilivyokwenda viunza vya nusu ya Likoni vilitoka mkononi mwake. Mimi nilipata cheti, tena kwa alama nzuri. Katika karatasi ya kazi yangu ya mwaka niliandika, kwa mwandiko safi, kwamba mti mkavu usidhaniwe kuwa mti mzima.

Nilifika Likoni adhuhuri imekaribia mno. Wanaume walikuwa wamejaa barazani, jeneza limeshaletwa, na Swafiya, sasa mama wa watu wazima, alinishika mkono akanipitisha mpaka uani, penye chumba changu cha zamani. Viunza vilikuwa vimeegemezwa ukutani, saba, vimepigwa randa vizuri. "Alivichagua mwenyewe, kimoja kimoja," akasema. "Mwaka mzima vilikuwa chini ya kitanda chake." Kisha akanipa msumari mrefu uliofungwa kwenye kitambaa. "Huu ni wako. Na lile neno alilosema ni hili: Mwambieni Mwanakombo, safari hii asinambie vimekauka."

"Alinitaja?"

"Kwa jina."

Nililia pale pale, sikujali nani ananiona. Kisha nikapiga magoti, kwa kuwa watu walikuwa wanangoja, nikaanza. Cha kwanza, msumari uligoma. Cha pili, cha tatu, cha nne, vizima. Cha tano kilikuwa kizuri kuliko vyote, laini, chepesi mkononi. Nilikigusa karibu na ncha na msumari ukaingia bila kusukumwa, ukaenda mpaka kichwani. Nikaurudisha, nikajaribu pembeni, ukaingia tena. Nilikaa nao pale, natazama. Fundi aliyeshika mbao miaka hamsini hawezi kukosea ubao kama ule, hata akiwa kipofu. Na kaburi la mtu mzima linahitaji viunza sita.

Mpwa wake alikuwa amesimama juu yangu, anatazama saa. "Mama, adhana hiyo yaja. Hicho mbona ki sawa? Kimekauka hicho, kimekaa ndani mwaka mzima."

"Kimekauka," nikasema. "Si kizima. Ondoa."

"Si vyote vitakwenda kuoza?"

"Vitaoza. Ondoa hicho."

Alikiondoa. Nikavipima viwili vilivyobaki, vikakataa msumari, na wanaume wakaja wakavibeba vyote sita.